Mashine ya Kufulia ya Mama Najat

Zuleha wa Ngarenaro alikaa na mashine ya kufulia mwaka mzima bila kufulia hata leso. Ilinunuliwa na binti yake Najat, anayefanya kazi Dodoma. Nyumbani bomba lilikuwa moja tu, uani, la wapangaji wote. Basi mashine ikakaa sebuleni kando ya televisheni, ikafunikwa kitambaa cha kufuma.

Mumewe, Shabani, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma mlango wa pili, na vumbi lake jeusi liliingia bila hodi. Kila asubuhi baada ya chai Zuleha alichovya kitambaa kwenye maji yenye sabuni kidogo, akakikamua mpaka kisidondoshe maji, akafuta juu, ubavuni na mlango wa kioo. Kwenye vitufe alipitisha mswaki uliostaafu. Ijumaa aliivuta kutoka ukutani akapangusa mgongo, pamoja na bolti nne kubwa za huko nyuma. Hizo alizing'arisha zaidi, kwa kuwa zilipendeza.

"Mama Najat, unasafisha kitu ambacho hakijachafuka," alisema Shabani.

"Hakijachafuka kwa sababu nakisafisha."

Shabani akarudi kwenye vyuma vyake.

Nguo alifua uani kwa mikono, pamoja na Elinipa, mpangaji mwenzake kutoka Kikatiti. Elinipa hakukosa kuulizia mashine.

"Haijambo?"

"Haijambo. Nimetoka kuipangusa."

Najat akaja likizo. Aliamkia, akaiona mashine inavyong'aa, akafurahi.

"Inafua vizuri, mama?"

"Haijalalamika."

Najat akachungulia nyuma ya mashine. "Mama, mpira wa maji bado uko kwenye nailoni."

"Ndiyo. Na yenyewe huwa naifuta."

Najat akamwita baba yake. Shabani akavuta mpira kutoka bombani mpaka ndani kupitia dirishani, wa maji machafu akauelekeza kwenye beseni. Wakaweka ovaroli zake, wakakaa kwenye kochi kutazama kama watu wanaoangalia mpira.

Mwanzoni ilizunguka kwa adabu. Ilipofika kukamua, ikaanza kuruka. Kitambaa cha kufuma kikaanguka. Mashine ikatoka ukutani, ikawafuata kwenye kochi. Shabani akaikumbatia, wakatetemeka pamoja. Elinipa aliingia mbio akiuliza kama Mlima Meru umeamka.

Najat akachomoa waya, akainama nyuma. "Mama, hizi bolti ni za safarini tu. Zilitakiwa zitolewe kabla ya kuiwasha."

Zuleha akazipitishia kidole. "Nimezing'arisha mwaka mzima," alisema.

Shabani akaleta spana, akazitoa. Safari hii mashine ilikamua ikiwa imetulia palepale. Zuleha alishika ovaroli moja, akainusa kwenye kola, akakubali kwamba imetakata. Kisha akaketi, mikono mapajani, asijue aifanyie nini.

Jumatatu Najat alikuwa amesharudi Dodoma. Mashine ilikuwa ikizunguka na Zuleha akiisimamia. Kupitia dirishani alimsikia Elinipa uani akimsimulia mtu kwenye simu harusi ya mdogo wake, jinsi bwana harusi alivyogoma kushuka kwenye gari. Mashine ikaanza kukamua, na maneno yaliyobaki hayakusikika.

Zuleha akachukua khanga zake mbili safi na kigoda, akatoka. Elinipa alikuwa ameshakata simu.

"Imeharibika?" aliuliza Elinipa.

"Nzima kabisa. Inafua ovaroli." Akazitumbukiza khanga kwenye beseni la mwenzake. "Haya, alishuka?"