Nati ya Nne

Mwandiko wangu ni mbaya, na pengine kuna maneno nimeyakosea herufi. Nisameheni. Shule niliishia darasa la nane, na tangu hapo mkono umezoea spana kuliko kalamu. Naandika polepole. Lakini nikiandika husema mambo ambayo mdomoni hayatoki, maana mimi ni mtu wa haya. Hata nikiulizwa jina langu hutazama chini kwanza.

Kwetu ni Gongoni, upande wa mashamba ya chumvi. Naendesha tuktuk, na naishi na mama yake baba, ambaye sisi tunamwita hawe. Jicho lake la kushoto lilizimika zamani. La kulia lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho, akawa haoni ila mwanga na vivuli. Basi tukasikia kuna madaktari wa macho wamekuja Malindi. Siku ya mwisho ya kuandikisha wagonjwa ilikuwa Ijumaa, na geti lingefungwa adhana ya adhuhuri ikilia. Baada ya hapo wangehamia kwingine.

Hawe alivaa leso mpya, tukaondoka mapema. Tulikuwa tumepita Mambrui, hatujafika daraja la Sabaki, gurudumu la nyuma likapasuka.

"Mume wangu, umegonga nini?" akauliza. Ndivyo anavyoniita, kwa utani wa bibi na mjukuu.

"Pancha, hawe. Nabadilisha sasa hivi."

Gurudumu la akiba nilikuwa nalo, na jeki, na spana. Nati ni nne. Ya kwanza ilitoka kwa taabu. Ya pili na ya tatu zililia kama mlango wa zamani, zikatoka. Ya nne haikusogea.

Nikaisimamia spana kwa mguu. Ikateleza, nikachubuka vidole. Nilipoinama kutazama, pembe za nati zilikuwa zimeanza kulika. Nati ikishaviringika, spana haina pa kushika tena, na gurudumu halitoki mpaka aje mtu wa gesi kuikata. Mtu wa gesi yuko Malindi.

Nilisimama barabarani nikapunga mkono. Matatu mbili zilipita zimejaa. Pikipiki hawe hapandi, nyonga yake haifunguki.

"Nyonga yangu na nati yako ni ndugu," alisema. Mimi sikucheka. Jua lilikuwa limeshapanda.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mama anayekaanga viazi karai chini ya mwavuli mkubwa. Nilijua mafuta yangesaidia. Lakini nilisimama pale nikiifuta spana iliyokuwa safi tayari.

"Nasikia harufu ya karai," hawe akasema. "Nenda kaombe mafuta. Haya yako haitaniponya macho."

Nikavuka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Viazi vingapi?"

"Si viazi. Naomba mafuta."

"Ya kula au ya kujipaka?"

"Ya kumwagia nati."

Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Vijana wa siku hizi! Leo nati, kesho utaniletea gari zima nilikaange." Lakini alichota mafuta yaliyokwisha kutumika, akachukua na makaa mekundu kwa koleo, akanifuata. "Chuma kikiota moto hulegea," alisema. "Hata mfuniko ukikwama mimi hupasha."

Tukaiwekea nati kaa la moto, huku tukipepea kwa kipande cha boksi. Kisha nikatia mafuta, yakatoa moshi. Fundi aliyenifundisha alikuwa akikaza kidogo kwanza ndipo analegeza, ili kutu ivunjike. Nikafanya hivyo. Ikalia ti! Ikazunguka kidogo tu, ikakwama tena, safari hii kwa nguvu zaidi. Ungaunga mweupe uliochanganyika na kutu ukatoka kwenye meno ya bolti.

"Imekuwaje?" hawe akauliza.

"Imekataa."

"Nishike mkono nishuke."

Nikamteremsha. Alichuchumaa kwa shida, akapapasa gurudumu, akazipita zile bolti tatu tupu mpaka akaifikia nati ya nne. Akaizungushia vidole. Kisha akatia kidole mdomoni.

"Chumvi," akasema.

Akaugusa tena ule ungaunga.

"Hii ni chumvi ya kisima changu."

Kila jioni nikirudi kazini, hawe huiosha tuktuk yangu. Huiosha kwa kupapasa, chuma kwa chuma, akisema abiria hapandi chombo kichafu. Maji ya bomba ni ya kunywa na kupikia, hayamwagwi ovyo, kwa hiyo huteka ya kisimani, nayo kwetu ni ya chumvi. Hakuna tuktuk Gongoni iliyokuwa iking'aa kama yangu, na mimi nilikuwa nikijivunia, kumbe chumvi inazila nati.

"Basi mimi ndiye niliyelifunga jicho langu mwenyewe," akasema polepole.

Nilitaka kumwambia sivyo.

"Hiyo bolti ikivunjika, gurudumu litatoka?" hawe akauliza.

"Litatoka. Lakini kipande kitabaki ndani. La akiba litashikwa na nati tatu tu, na wewe umo ndani."

"Mimi nimetembea na jicho moja miaka yote hii. Na gari lako litembee na nati tatu. Vunja, mume wangu."

Spana yangu ni fupi. Mama wa viazi akarudi mbio kwake, akauangusha mwavuli, akaja na mwiko na lile bomba la chuma lililousimamisha. Nikalichomeka kwenye mpini wa spana. Niliogopa spana isije ikateleza ikamaliza pembe zilizobaki, kwa hiyo yeye akaikandamiza kwa mwiko na mimi nikavuta. Bomba likaanza kupinda. Hawe alikuwa amesimama nyuma yangu, amenishika shati, kama mtu anayesaidia kuvuta.

Ta!

Tulianguka chali, hawe juu yangu. Nati iliruka mpaka kwenye mchanga, na kipande cha bolti ndani yake.

"Umeniua, mume wangu?" akauliza.

Nikalifunga gurudumu la akiba kwa nati tatu. Safari iliyobaki niliendesha nikiwa nimeinamisha sikio upande wa gurudumu lile. Darajani kila kishindo kilinipasua moyo. Nilitamani kukimbia, na sikuthubutu. Tulipokuwa tunakata kona ya mwisho mjini, adhana ikaanza.

Askari alikuwa analivuta geti. Nilishuka, nikafungua mdomo, nikabaki hivyo. Hawe akatoa kichwa nje.

"Funga, baba, ni kazi yako," akamwambia. "Lakini nifungie ndani."

Askari alicheka mpaka akaliachia geti, tukaingia.

Siku bandeji ilipotolewa baada ya upasuaji, hawe aliniambia nina pua ya babu yangu na kwamba alidhani nimenenepa kidogo kuliko hivi. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye tuktuk, akainama, akalitazama tundu lenye bolti iliyokatika. Alilitazama muda mrefu. Siku hizi huifuta tuktuk kwa kitambaa kikavu.

Kipande kile bado kimo ndani. Fundi mmoja anasema kitobolewe kwa keekee, mwingine anasema kichomelewe nati mpya juu yake kizungushwe. Nahofia kuharibu kila kitu, na kumuuliza fundi wa tatu naona haya. Kama miongoni mwenu yuko aliyewahi kukitoa kipande kama hicho, tafadhali niandikie ulivyofanya. Na uandike kwa herufi kubwa, maana hawe amesema barua zikija atazitazama yeye kwanza.