Vituo Saba Alivyovitaja Puni

Saa moja asubuhi, ukungu haujaachia bonde la Halusan, milimani Taiwan, na Puni Takiludun amekaa kwenye ngazi ya nyuma ya duka la Cina Malas, kompyuta magotini. Hapo ndipo mtandao unapokamata. Kwenye kioo kuna mstari mmoja tu. Ulikuwepo jana, na juzi ulikuwepo.

Mbele ya duka wanaume wanne wanasubiri gari la mashamba ya tangawizi, wanatafuna popoo.

"Fungeni midomo, mwandishi kaja," anasema mmoja, Biung, na kutema mate mekundu. "Mkitaja mlikoficha pombe, kesho inasomwa Taipei nzima."

"Mimi leo natembea tu," anajibu mwenzake. Wote wanacheka.

Natembea tu. Ndivyo Wabunun, wenyeji wa milima hii, wanavyosema wanapokwenda kuwinda. Hutaji unakokwenda wala unachokifuata. Ukitaja, safari umeiharibu mwenyewe. Puni anajua kicheko kile kinamlenga nani. Anafuta ule mstari, kisha anauandika tena vilevile.

Ana miaka ishirini na sita. Ni mmoja wa vijana sita wa jamii za asili waliochaguliwa mwaka huu kwa mafunzo ya uhariri katika gazeti moja la mtandaoni la habari za mazingira, mjini Taipei. Ni miezi minane, posho dola elfu kumi na nane za Taiwan kwa mwezi, na anayekamilisha makala nne anaajiriwa. Puni ameshatoa tatu. Ya nne inatakiwa kesho.

"Kabla ya hapa nilikuwa nafungasha vipuri vya simu kiwandani, Taoyuan, nimesimama saa kumi na mbili kwa siku," anasema. "Nilipopata nafasi hii, baba mkubwa alichinja nguruwe. Nguruwe mzima! Eti mtoto wa kike anakwenda kuandika."

Baba mkubwa huyo ni Tama Husung, mwindaji wa miaka sabini na moja, aliyemlea Puni tangu baba yake alipofukiwa na maporomoko barabarani. Leo ni siku ya arobaini na moja hajamsemesha.

Kisa ni mikafuri mitano.

Ni miti ya kale, siku tatu kwa miguu kutoka kijijini. Ndani ya mapango ya mashina yake huota uyoga mwekundu ambao watu wa mjini wanaunywa kama dawa ya ini. Kilo moja inanunua pikipiki, na chenji ya mafuta inabaki. Kwingine wezi wameshaimaliza miti ya namna hiyo. Hii mitano ilibaki kwa sababu ukoo wa Tama Husung ulinyamaza, baba kwa mwana.

Mwaka jana misumeno ikaanza kusikika bonde la jirani. Mwaka huu mzee akashuka mjini, ofisi ya misitu, kuomba walinzi. Akaambiwa miti hiyo haimo kwenye orodha ya inayolindwa, na kisichokuwepo hakilindwi. Alirudi jioni, akavua kofia, akamwambia Puni: "Wewe si ndiyo kazi yako hiyo, kuwaambia watu kilichopo? Haya, tafuta mabuti."

Wakapanda wawili. Puni akapima, akapiga picha, akaandika.

Mhariri wake, Bi Kuo, alikuwa mwangalifu kuliko yeye. Aliondoa ramani. Aliondoa jina la mto. Alikata picha zote zilizoonyesha mgongo wa mlima, mpaka na ile yenye jiwe la ajabu ajabu ambayo Puni aliipenda kuliko zote.

Kikabaki kitu kimoja. Katika ukoo wa Puni, mtu hasimulii habari za mlima kabla ya kuvitaja vituo vyake vya kupumzikia, kimoja baada ya kingine, kama anayebisha hodi mlango kwa mlango. Kuruka kimoja ni kumtukana mhenga aliyelala hapo. Vituo ni saba. Puni alivitaja vyote, kwa Kibunun, juu kabisa ya makala.

"Bi Kuo aliniuliza, 'Puni, majina haya hayamwonyeshi mtu njia?' Nikamjibu, 'Dada, hizo ni salamu tu. Hazimo kwenye ramani yoyote duniani.' Na kweli hazimo." Anatazama vidole vyake. "Nilikuwa najivuna. Kibunun chetu, kinatangulia Kichina, kwenye gazeti. Nilitaka baba mkubwa akione."

Alichosahau ni jambo ambalo kila mtoto wa Halusan analijua. Kila nyumba ya bonde hili inajua kituo kimoja au viwili: jiwe fulani, chemchemi fulani. Asichokuwa nacho mtu yeyote nje ya nyumba ya Tama Husung ni mpangilio, kipi kinafuata kipi. Hicho ndicho kilichokuwa kufuli, na Puni alikiandika gazetini, cha kwanza hadi cha saba.

Makala ilisomwa na watu laki mbili. Mlinzi hakuja hata mmoja. Siku ya kumi na tisa tangu itoke mzee alipanda, akakuta mikafuri minne imelala, imepasuliwa kwa msumeno wa injini, matumbo yamekombwa. Wa tano, mwembamba, usio na uyoga bado, waliuacha ukue.

Palipokuwa na moto wao palibaki vikombe vya tambi za haraka, na karatasi iliyofungwa kwenye nailoni isilowe. Ilikuwa makala ya Puni. Pembeni ya kila jina la kituo palikuwa na alama ya wino, saba zote. Aliyezitia ni mtu wa bonde hili, anayeweza kuulizia vituo nyumba kwa nyumba. Mgeni asingejua jiwe ni lipi. Mpaka leo hajajulikana, na Puni kila anaponunua chumvi anawatazama watu mikono.

Mzee aliiweka karatasi ile mezani mbele yake.

"Umesalimia vizuri, mwanangu," alisema. "Hukuruka hata kimoja."

Akachukua blanketi na panga, akarudi juu. Analala chini ya mti wa tano. Kila baada ya siku kumi anashuka kuchukua mchele na chumvi, anapita mbele ya Puni kama anayepita mbele ya kisiki.

Simu inaita. Ni Bi Kuo.

"Umefika wapi, Puni?"

"Mstari mmoja."

"Unasemaje?"

"'Umebaki mmoja.'"

"Basi anzia hapo. Andika ulipokosea, andika kwamba wa tano uko hai. Mimi mwenyewe nitaipeleka kwa wakubwa wa misitu."

"Na wezi wasome kwamba uko hai."

"Usipoandika, nani atakwenda kuulinda?"

"Kuna anayeulinda, Dada."

"Mzee wa miaka sabini!"

"Sabini na moja," anasema Puni, na kukata simu.

Anaweka simu kando. "Nikiandika, nauza na wa tano. Nisipoandika, baba mkubwa ataganda kule juu, na mti utamfuata. Nimegeuza na kugeuza, sijaona njia ya tatu." Halii. Anasema alishamaliza.

Kisha anafuta mstari, na safari hii hauandiki tena. Kazi imekwenda, na Taipei imekwenda. Alichobaki nacho anakitaja huku akifunga kamba za mabuti: "Simwombi anisamehe. Nataka anikubalie nimbebee kuni. Tukishika zamu wawili, mti utakuwa na macho manne. Asiponisemesha, basi."

Anaingia dukani, anachukua mchele, tambi na kiberiti. Simu anaiacha juu ya meza ya duka.

"Mchele wote huo, unakwenda wapi?" anauliza Cina Malas. Mlangoni Biung amegeuka kusikiliza. Gari limefika, lakini hapandi.

"Natembea tu," anasema Puni.

Hakuna anayecheka. Cina Malas anasukuma pakiti mbili za chumvi juu ya mchele.

"Beba," anasema. "Mwenzio aliyetangulia alichukua moja, na imeshakwisha."

Puni hajafika hata kona ya kanisa, simu inaanza kulia juu ya meza. Cina Malas anaifunika kwa kitambaa.