Hi na Shi za Chumba 412

Miao Shuhan hakuzaliwa na kijicho. Waliomjua tangu Tianshui, ambako mama yake ana duka la dawa, watakuambia alikuwa mtoto wa kugawa peremende mpaka ya mwisho. Kijicho alikipatia chuoni Lanzhou, akiwa mwaka wa tatu, Jumanne moja asubuhi, na kilichomletea ni sentensi ya Kiingereza ambayo hata sahihi haikuwa.

Mwenye sentensi alikuwa Tan Yurong, aliyelala kitanda kinachotazamana na chake katika chumba 412. Siku hiyo mgeni kutoka chuo kimoja cha Uskoti alikuja idarani kuzungumza na wanafunzi, na alipouliza kama kuna swali, darasa zima liliinamia madaftari. Shuhan alikuwa na swali. Alikuwa bado analipanga kichwani, anapima neno hili na lile, anatafuta lililo zito zaidi, Yurong akanyanyuka na kuuliza kama viazi vya Uskoti vinalika, maana kwao Dingxi mtu asiye na viazi hana chakula. Mgeni akacheka. Akajibu, Yurong akadakia, wakaendelea hivyo dakika tano nzima kama majirani waliokutana kisimani. Shuhan alikaa na swali lake mdomoni. Roho ilimuuma, na alijua kabisa kwamba inamuuma.

Kama mambo yangeishia kwenye viazi, angesahau. Lakini wiki iliyofuata Mwalimu Gu, mlezi wa darasa lao, alitangaza kwamba chuo kile kitamchukua mwanafunzi mmoja wa idara kwa mwaka mzima, ada na malazi juu yao. Anayetaka afanye ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza na apate sita na nusu kati ya tisa katika kila sehemu: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Wakifaulu zaidi ya mmoja, atakwenda mwenye alama za juu. Waliandikisha majina tisa. Mchujo wa idara ulipopita walibaki wawili, na wote wawili walikuwa wa chumba 412.

Katika mabweni ya kule wasichana wa chumba kimoja huitana kwa umri, kama watoto wa tumbo moja. Shuhan alikuwa Dada Pili. Yurong, mdogo kuliko wote wanne, alikuwa Kitinda, na Kitinda alilichukua jina hilo kwa dhati: alidekezwa, alitumwa, aliazima soksi za watu bila kuomba.

Sasa nikuulize wewe, nani alistahili? Kwa miaka miwili Shuhan alikuwa anaamka saa kumi na mbili, anasimama nyuma ya bwalo uso ukutani, na kukariri maneno kwa sauti mpaka koo linakauka, wakati upepo wa Lanzhou unamjaza vumbi masikioni. Kikombe chake kilikuwa cha kwanza kuwekwa mezani maktaba ikifunguliwa, ili mtu asije akamchukulia kiti. Kitabu chake cha maneno kilichakaa mpaka kikafungwa kwa gundi mara tatu. Yurong yeye Kiingereza alikiokota. Likizo tatu mfululizo aliuza kofia kwa watalii kwenye vilima vya mchanga vya Dunhuang, na ukiuza kofia juani huna muda wa kuchagua maneno. Waswahili husema hasidi hana sababu. Shuhan alikuwa nazo, na alizihesabu kila asubuhi.

Yurong alikuwa na ila moja tu. Kichina cha mdomoni kina "yeye" mmoja, kama Kiswahili chetu; mwanamume ni yeye, mwanamke ni yeye, na dunia inakwenda. Nimekwisha kumtaja Mwalimu Gu na hujui kama ni mwanamume au mwanamke, wala hujapungukiwa na kitu. Waingereza hawataki hivyo. Kwao mwanamume ni hi na mwanamke ni shi, na lazima uchague kabla hujafungua mdomo. Nani kati yetu hajawahi kumwita mama yake hi mbele ya mwalimu? Basi Yurong alimwita mama yake hi, shangazi yake hi, hata ng'ombe wa kwao aliyezaa juzi alikuwa hi. Sheria aliijua vizuri. Masikio yake ndiyo yaliyokuwa hayaioni tofauti wakati ulimi uko mbioni.

Ndipo akamwomba Dada Pili amsaidie. Kila jioni watakaa kwenye ngazi za ghorofa ya nne, Yurong ataongea, na kila akikosea hi na shi Shuhan atagonga chuma cha ngazi kwa kalamu. Naye Yurong, kwa malipo, atamfanya Shuhan aongee bila karatasi. Shuhan hakupata neno la kukataa, basi alikubali.

Walianza. Ngo, ngo, ngo. Jioni ya kwanza ziligongwa thelathini na nne. Jioni ya sita zilikuwa tisa. Na nisiwe mwongo, zamu ya Shuhan ilipofika Yurong alifanya kazi yake kwa moyo. Shuhan akianza kukariri, alimkatiza, akamuuliza asubuhi alikula nini, nani alimkasirisha, mama yake humgombeza kwa maneno gani. Kidogo kidogo ulimi wa Shuhan ukaanza kulegea. Akashukuru, na kumshukuru unayemwonea wivu ni kidonge kichungu.

Wiki tatu kabla ya mtihani Mwalimu Gu aliwaita awasikilize. Shuhan alisahau ngazi na yote aliyojifunza, akarudi kwenye yale aliyokariri: bibi yake wa miaka themanini apandaye mlima kila alfajiri, aliyemfundisha kutokata tamaa.

"Huyo bibi," Mwalimu Gu alisema, "mwaka huu nimeshamsikia mara kumi na moja. Ana wajukuu wengi. Sita."

Kisha Yurong akaeleza habari za mjomba wake aliyejenga choo kikaanguka, akajenga tena kikaanguka tena, na Mwalimu Gu akacheka mpaka akavua miwani. Akampa sita na nusu, akamwambia akiacha kuwabadilisha watu jinsia atapata saba bila jasho.

Shuhan alitoka pale na tabasamu lililomuuma mashavu. Tangu saa ile kila cha Yurong kilimchoma. Alimwonea wivu kwa kicheko chake, kwa kulala usingizi papo hapo akigusa mto, kwa kula bakuli mbili na kubaki na kiuno kilekile. Alimwonea wivu hata kwa mama yake, yule mkulima wa viazi aliyetuma ujumbe wa sauti akipiga kelele kama anaita mtu ng'ambo ya bonde, kumwambia mwanawe avae nguo nzito. Mama yake Shuhan hutuma orodha ya vitabu.

Jioni iliyofuata walikaa kwenye ngazi kama kawaida. Yurong akaanza kusimulia habari za shangazi yake, na shangazi akawa hi. Kalamu ilikuwa juu. Ikabaki juu. Shuhan alijiambia hakusikia vizuri. Hi ya pili ilipokuja, alijiambia si vyema kumkatiza mtu hadithi imekolea. Ya tatu ilipokuja, hakujiambia kitu.

Yurong alipomaliza alimkodolea macho. "Dada Pili, leo hujanigonga hata mara moja."

"Hujakosea," Shuhan akasema.

Yurong aliruka ngazi nne kwa mpigo. Alitoka mbio hadi langoni na kurudi na kiazi kitamu cha kuchoma, akakikata katikati, kipande kikubwa akampa mwalimu wake. Shuhan alikila. Kilikuwa kitamu, na alikila chote.

Hivyo ndivyo wiki tatu zilivyopita. Yurong alizungumza kila jioni, hi zikimwagika, na kidole cha Shuhan kikizihesabu pajani bila sauti. Alizoea kuhesabu, na ubaya wa kuhesabu ni kwamba huwezi kusema hukujua. Mara mbili alitaka kusema. Mara ya kwanza Yurong alikuwa anaimba bafuni, akaona asimharibie furaha. Mara ya pili Yurong alipata alama zote za kusikiliza katika zoezi, na hamu ya kusema ikamtoka yenyewe.

Siku ya mtihani walivuka mto pamoja hadi chuo kinachofanyia mitihani hiyo. Sehemu za karatasi zilikwisha mchana, na ya kuzungumza ikaja baadaye, mmoja mmoja, mbele ya mama wa Kiingereza mwenye sauti ya upole. Shuhan aliingia kwanza. Kadi yake ilimtaka aeleze siku aliyochelewa mahali. Hakuwa na kitu alichokariri kuhusu kuchelewa, kwa hiyo akasema tu, kama alivyozoeshwa kwenye ngazi, na maneno yakatoka. Alipotoka nje, jambo la kwanza alilotaka ni kumwambia Yurong, na la pili ni kuomba Yurong akwame.

Yurong hakukwama. Alitoka anang'aa, akamburuta Shuhan hadi kwenye tambi za nyama ya ng'ombe ng'ambo ya barabara, na bakuli hazijatua mezani akaanza kusimulia.

"Nilipewa kadi ya mtu aliyekufundisha jambo. Nikakutaja wewe, nani mwingine? Nikasema yote, unavyoamka alfajiri, unavyonivumilia kwenye ngazi. Yule mama akanogewa. Akaniuliza, huyo hi ni mchumba wako?"

"Akasema hi?" Shuhan akauliza.

"Akasema hi! Nikamwonea huruma, Dada Pili. Mtu na lugha ya mama yake, bado anakosea. Nikamsahihisha taratibu asione haya. Nikamwambia, hapana, ni msichana, tunalala chumba kimoja, hi ni dada yangu. Akanitazama tu. Nadhani aliona aibu."

Shuhan aliinamia bakuli. Machozi yalimjaa, akasema pilipili imezidi, na Yurong akamsogezea chai.

Majibu yalitoka baada ya siku kumi na tatu. Shuhan alipata sita na nusu ya kuzungumza, na sehemu nyingine alipita. Yurong alimshinda kwa kusikiliza, akalingana naye kwa kusoma na kuandika, na kuzungumza akapata sita. Nusu alama. Aliitazama simu yake muda mrefu, akaizima, akaiwasha tena. Kisha akamkumbatia Shuhan na kusema angalau nafasi haijatoka chumbani, na Shuhan akamkumbatia huku akiona raha, raha ya kweli, na akiichukia.

Kesho yake Mwalimu Gu aliwaita ofisini wote wawili. Fomu ya Shuhan ilikuwa tayari mezani, inasubiri sahihi, na siku ya mwisho ya kuipeleka ilikuwa hiyohiyo. Lakini Mwalimu Gu alitaka kujua kwanza Yurong amejikwaa wapi. Akamwambia arudie aliyomwambia yule mama, neno kwa neno kadiri anavyokumbuka. Yurong akarudia. Hakufika nusu.

"Basi," Mwalimu Gu akasema. "Una mwanamume anayevaa sketi na kulala bweni la wasichana. Yule mama alikuwa akufuateje?"

Yurong aliirudia sentensi ile kwa mnong'ono. Unaweza kuona sura ya mtu akijisikia mwenyewe kwa mara ya kwanza. Masikio yake yalikuwa mekundu.

Mwalimu Gu akamgeukia Shuhan. "Mlikaa pamoja kila jioni. Wewe hukusikia?"

Yurong ndiye aliyejibu, kwa haraka. Alisema Mwalimu asimwonee Dada Pili, Dada Pili alimgongea mpaka akapona kabisa, wiki tatu hakukosea hata mara moja, ila siku ya mtihani woga lazima ulimrudisha nyuma. Alisema kosa ni lake peke yake. Alisema bila Dada Pili asingepata hata hiyo sita.

Hapo Shuhan angeweza kunyamaza tena. Kunyamaza alikuwa amekuzoea. Lakini kutetewa vile kulimshinda, alitamani atukanwe.

"Hukupona," akasema. "Nilisikia zote. Niliacha kugonga."

"Kwa nini?" Yurong akauliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu aliyekosa njia na anataka kuonyeshwa.

"Nilikuonea wivu."

Nje watu walikuwa wanacheza mpira wa vikapu, unasikika ukidunda. Mwalimu Gu aliikunja miwani na kuiweka juu ya fomu, kisha akaiondoa, na kumtazama Yurong, maana sasa neno lilikuwa lake. Yurong alisimama. Alivuta zipu ya koti mpaka kidevuni. Kisha akasema kwa Kiingereza, polepole, akimwangalia Mwalimu peke yake na wala si Shuhan aliyekuwa ubavuni kwake:

"Shi alinisikia. Shi alinyamaza. Shi amefaulu, basi shi aende."

Akatoka, akaurudisha mlango taratibu.

"Hapo hajakosea hata moja," Mwalimu Gu akasema, na kumsogezea Shuhan fomu.

Shuhan alitia sahihi. Na hata hapo, jina lake likikauka kwenye karatasi, alimwonea wivu yule aliyetoka.