Sketi ya Nakijwa

Tangawizi mbichi ikimenywa, hasa ile yenye udongo bado kwenye vidole vyake, mimi siwazi chai. Nawaza sketi ya kitenge, na aibu yangu.

Nilikuwa na miaka kumi, kwetu Mamba, juu milimani. Ilikuwa miaka ya kugawana vipande vya sabuni, na mitumba ndiyo kwanza ilianza kuonekana gulioni, wazee wakiigusa kwa ncha za vidole. Shuleni tulikuwa na kikundi cha ngoma. Mimi nilicheza mstari wa mbele, na nilijiona. Nyuma yangu alikuwepo Nakijwa, mtoto wa jirani yetu mjane, msichana mrefu asiye na maneno.

Tuliteremka Same kwa mashindano ya wilaya. Tulipomaliza, mwalimu mmoja wa chuo cha sanaa cha huko pwani alitujia, akanipita mimi, akamshika Nakijwa bega. Alikuwa na nafasi moja. Mafunzo ni ya bure, alisema, ila mtoto aje na godoro, sanduku, nguo za mazoezi na nauli yake.

Mama yake Nakijwa hakuwa na hata kimoja. "Basi ataendelea kulima," alisema.

Hapo ndipo wanawake wa kijiji, waliolima tangawizi kwa kikundi, walipomgawana yule mtoto kama wagawanavyo shamba la kupalilia: huyu godoro, yule sanduku, mwingine nauli. Mzee mmoja akauliza tangu lini mtu akachangiwa kwenda kucheza. Mama yangu, ambaye alikuwa na cherehani, alisema, "Nguo niachieni mimi."

Kitambaa kilitoka kwenye kitenge chake cha njano, alicholetewa na baba kutoka mashamba ya mkonge. Kitenge hicho mimi nilikwisha kuahidiwa kuwa kingekuwa gauni langu la Krismasi. Nilimshikia futi huku akikikata, na kila mlio wa mkasi niliuhesabu.

Jioni ya kuamkia safari niliichukua ile sketi, nikaizika ndani ya gunia la tangawizi.

Mama aliitafuta chumbani, akaitafuta uvunguni, kisha akaketi kwenye kigoda akanitazama tu. Hakushika fimbo. Nikashindwa na yale macho, nikaenda mwenyewe kuifukua.

"Mama," nilisema nikilia, "mbona mimi hukunichangia? Si ninacheza kumshinda?"

Aliikung'uta udongo kwanza.

"Mwanangu, wewe ukicheza unatuangalia kama tunakuangalia. Nakijwa akicheza hata hajui kama tupo."

Asubuhi alinituma mimi nimpelekee. Nakijwa aliinusa ile sketi, akacheka, jambo ambalo alilifanya mara chache. "Inanukia nyumbani," alisema, akailaza juu kabisa ya sanduku. Sikumwambia kwa nini.

Alicheza miaka mingi. Alifika nchi ambazo sisi tulizijua kwa ramani ya ukutani, mpaka goti lilipomkatalia. Siku hizi anafundisha wengine. Wale wanawake waliomchangia, Nakijwa alimwandikia kila mmoja barua yake, kwa mkono.

Mimi nikawa mwalimu wa shule ya msingi. Miaka ile yote niliamini kwamba mama alimpenda Nakijwa kuliko mimi, na sikuwahi kumuuliza. Kisha ikafika siku wafadhili waliponitaka niwape jina la mwanafunzi mmoja wa kumsomesha, na kati ya waliokuwa wakingoja nje ya ofisi alikuwepo binti yangu, ameshonewa sare mpya kwa ajili hiyo. Niliandika jina la mtoto wa mwenzangu, kwa sababu ndilo lililostahili. Mkono ulinitetemeka hata nikalazimika kuiandika ile herufi ya kwanza mara mbili.

Nadhani hata mama mkono ulimtetemeka siku ile akikikata kitenge. Ila mimi nilikuwa na hasira mno kuuangalia.