Nililidanganya Jeshi Kwamba Mimi ni Musa, Mchinjaji

Admini, jina langu lifiche, lakini umri wangu uache watu wauone, maana najua vijana wa ukurasa huu watakavyonirukia. Nimepita miaka sabini. Nina wajukuu tisa, naishi hapa Kampala, ni mtu wa upande wa Arua, Mkatoliki niliyebatizwa nikiwa mchanga. Haya ninayoandika mke wangu anayajua na padri anayajua. Anayestahili kuyajua ndiye hajui.

Wakati ule wa serikali ya wanajeshi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilidandia lori la tumbaku kutoka nyumbani, nikafikia hapa Kampala kwa mjomba wangu, polisi, kule Naguru. Mjomba alinivumilia wiki mbili. Ya tatu akanishika mkono mwenyewe kunipeleka kuandikishwa jeshini, kwa sababu nilikuwa mrefu na nilikuwa nammalizia posho. Wakatuweka kambi moja upande wa Mbuya. Kazi yetu makuruta ilikuwa kukimbia, kisha kuchimba mahandaki, kisha kuyafukia yale yale. Siku moja sajenti akasimama mbele yetu akasema: "Nani hapa iko Islamu na najua kuchinja? Nataka watu mbili ya jikoni."

Jikoni! Mkono wangu ulipanda kabla sijafikiri. Sajenti akatazama karatasi yake. "Wewe hapa naitwa jina ya misheni." Nikamjibu, "Hiyo ya shule tu, afande. Nyumbani naitwa Musa." Akacheka, akaandika Musa. Msinitukane bado. Nilikuwa na njaa ya miezi miwili, na kila mtu aliona vyeo siku zile vilikuwa vinaelekea kwa nani. Lakini vilevile, watu walikuwa wanatiwa kwenye buti za magari kwa makosa madogo kuliko hilo, na hawarudi. Nilijua hilo, na bado niliinua mkono.

Wa pili aliyeinua mkono nitamwita Abdu. Huyo alikuwa Mwislamu kwelikweli, wa madrasa, mwenye kuswali hata tukiwa hoi kwa mazoezi. Shida yake ilikuwa damu. Akiiona tu, chini! Ng'ombe wa kwanza tulipoletewa, Abdu alianguka kabla ya ng'ombe. Basi tukagawana kazi: yeye anashika miguu huku amefumba macho, mimi nashika kisu na kusema bismillahi kama nilivyomsikia akisema kwenye sahani yake. Miaka mitano wakubwa waliokuwa wanalishwa na jiko letu walikula nyama yangu wakajilamba vidole. Msikitini nilimfuata Abdu kwa jicho la pembeni, akiinama nainama, akisujudu nasujudu, siku zote nimechelewa kidogo.

Ramadhani ndiyo nusura inimalize. Mchana mmoja tulitumwa soko la Nateete kuchukua vitunguu. Abdu akiwa anachagua magunia, mimi nikachepuka kwa mama mmoja Mkongo aliyekuwa anakaanga mandazi. La pili liko mkononi, moto kabisa, nikamwona sajenti anakuja. Nikalitia ndani ya bereti, bereti kichwani, nikapiga saluti. Mafuta yakaanza kuteremka usoni. "Wewe Musa, mbona natoka maji namna hii?" Abdu akatokea nyuma yangu: "Afande, iko na malaria tangu jana." Sajenti akaondoka zake. Abdu alinivua bereti, akaliona andazi, akanifokea mpaka mama Mkongo akaniombea msamaha. "Musa, mimi nasema uongo na saumu juu yako! Funga, rafiki yangu. Funga!" Nami nikafunga siku zote zilizobaki, tena bila kuiba hata tone la maji.

Vita vilipokuja jeshi likatawanyika. Mimi nikarudi nyumbani, Abdu akavuka Sudan. Miaka mingi baadaye tukakutana hapo hapo Nateete, kila mtu na mvi zake. Tulikumbatiana tukalia. Kisha akaiona rozari shingoni mwangu. "Musa, ulitoka kwa dini?" Nikasingizia mke. Nikasema yeye ndiye aliyetaka. Mke wangu huyo, Mama Roza, hajanisamehe hilo mpaka leo, na ana haki.

Sasa Abdu anakwenda Hija. Kabla ya safari anapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, kama wafanyavyo. Jumapili alifika kwangu, akakaa, akanishika mikono yote miwili. "Musa, ile siku ya andazi nilifokea wewe mbele ya watu. Nisamehe." Yeye ananiomba radhi mimi! Kisha akasema: "Nikifika Maka, dua ya kwanza iko yako. Kila siku naomba Mungu tarudisha wewe. Huko nitaomba kwa nguvu."

Wale wakubwa sitawatubia. Andikeni matusi mnavyotaka, ningekuwa na miaka kumi na tisa tena leo, na njaa ile ile, mkono ungepanda. Lakini Abdu hakuwa mkubwa wa mtu. Alikula nyama ile kwa kuniamini, akaniokoa, na tangu siku aliyoiona rozari ananiombea. Mama Roza anasema, "Nyamaza, mwache mzee wa watu asafiri na moyo mweupe." Mimi kunyamaza kunanichoma, na kusema naogopa. Sijawahi kuogopa hivi hata mbele ya sajenti.

Anaondoka Alhamisi. Enyi mnaosoma, hasa ndugu zangu Waislamu, niambieni cha kufanya: nimweleze kabla hajapanda ndege, au nimwache asimame Maka alie, akimwomba Mungu anirudishe mahali ambapo sikuwahi kufika?