Aliyeita Mlangoni kwa Awadhesh

Pranay aliporudi Rasulganj kutoka Mumbai, hakwenda kwanza kwa baba yake. Alikwenda kwa Indravati, mjane wa baba yake mdogo, aliyemlea tangu mama yake mzazi alipofariki. Alivua viatu, akainama akamgusa miguu, kisha akaketi sakafuni jikoni kama zamani.

"Mama mdogo, nina njaa ya mkono wako. Nichomee litti."

"Umekonda kama kijiti! Huko Mumbai wanakulisha maneno?"

"Nayaandika, siyali."

Alikuwa akiandika tamthilia ya majambazi wa kwao, wale wa bunduki, mchanga wa mto na kura. Alitaka Awadhesh, baba yake mdogo, awemo. "Watu wanamkumbuka kwa ubaya tu," alisema. "Mimi nataka wamwone kama mtu. Lakini alikufaje? Hapa kila mmoja ana lake."

Indravati aligeuza litti, madonge ya unga, kwenye makaa. Mumewe alikuwa mbeba bunduki wa tajiri wa mchanga. Mara ngapi alimfulia shati lenye damu asiulize ya nani! Lakini ndiye huyo huyo aliyekuwa akiketi naye uani kumenya njegere, akiiba moja moja na kucheka. Aliuawa uani hapo hapo, mchana wa jua kali. Indravati aliwaambia watu kwamba yeye alikuwa amelala.

"Sikuwa nimelala," alisema sasa. "Waliogonga mlango niliwasikia. Awadhesh akaniashiria nisifungue. Kisha sauti ikaita, 'Shemeji, fungua, ni mimi.' Nikafungua. Nyuma yake walikuwapo watu watatu na bastola."

"Sauti ya nani?"

"Ya baba yako."

Pranay alilia. "Kwa nini ulinyamaza, Mama mdogo?"

"Nilikuwa na binti mchanga. Na baba yako, hao hao wauaji ndio waliomweka kwenye kiti cha umeya. Ningemshtaki kwa nani?"

Pranay aliweka kiganja juu ya kichwa cha Indravati. "Naapa kwa kichwa chako, nitaandika kama ulivyosema."

Siku tamthilia ilipotoka kwenye runinga, Indravati aliwaalika wanawake wa mtaani, akachemsha chai ya tangawizi. Waliuona ua ule ule, mlango ule ule wa buluu. Mke wa kwenye runinga alipaka midomo rangi, akafungua mlango akitabasamu. "Karibu ndani, nimekungoja," alimwambia kijana mmoja, hawara yake, na nyuma ya hawara wakaingia wauaji. Kaka mtu akaja mbio bila viatu, amechelewa, akampakata mdogo wake akilia.

Bilauri za chai zikawekwa chini. Jirani mmoja akasema, "Ndiyo maana siku ile ulikuwa na usingizi mzito hivyo."

Kesho yake binti yake, Sarita, alipiga simu kutoka kwa wakwe zake.

"Mama, yule mwanamume alikuwa nani?"

"Hakuna mwanamume, mwanangu."

"Mama mkwe ndiye anayeuliza."

"Na wewe?"

Sarita akasema kwa sauti ndogo, "Na mimi nauliza."

Wiki hiyo Dinanath, baba yake Pranay, alifanya karamu ya kumpongeza mwanawe. Indravati aliingia hadi walipoketi wanaume. Tangu aolewe hakuwahi kusema na kaka wa mumewe uso wazi. Siku hiyo aliushusha upindo wa sari mabegani.

"Shemeji, waambie wageni wako. Nani aliniita nifungue?"

Dinanath alimtazama, kisha akacheka taratibu. "Maskini, runinga imemvuruga akili. Mpeni kitamutamu cha ladu, ale."

Wageni wakacheka kwa sababu meya amecheka. Walinzi wenye bunduki wakamshika viwiko, wakamtoa.

Pranay alimfuata hadi barabarani, shada la maua bado shingoni. "Mama mdogo, ningeandikaje? Yule ni baba yangu."

"Na mimi nilikuwa nani wako?"

"Ni hadithi tu. Hata majina nimebadilisha."

"Ungenyamaza tu, Pranay. Nilikuwa nimezoea kunyamaza. Nani alikutuma unitoe kwenye kimya changu ili unizike hivi?"

Ndani waliita jina la Pranay, naye akageuka akarudi kwenye karamu.

Baada ya hapo vijana wa sokoni kila walipomwona Indravati walibana sauti: "Karibu ndani, nimekungoja!" Pranay alipiga simu mara nyingi, Indravati hakupokea. Ilipofika Chhath, sikukuu ya jua, Sarita hakuja. Indravati alifunga peke yake, akabeba ungo wa matunda hadi mtoni, akaingia majini kulisalimu jua. Wanawake waliokuwa karibu naye walisogeza nyungo zao kando, wakamwachia sehemu kubwa ya maji.