Aliyemripoti Ndovu Mtandaoni

Nilikuwa kwa kinyozi mjini Voi, nusu ya kichwa ikiwa tayari, simu ilipoleta habari kwamba mwenzangu wa zamani kazini amefariki kwake Mbololo baada ya kuugua. Kinyozi akasimamisha kazi kwa heshima, akanipa pole. Muda si muda nikaanza kucheka peke yangu, naye akanitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Ilibidi nimweleze, na sasa nawaeleza ninyi.

Marehemu alikuwa msimamizi wa usalama katika shamba la mkonge ambako mimi nilitunza stoo kabla ya kuingia uandishi. Waajiri walipotakiwa kuripoti mtandaoni kila mfanyakazi aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi, tajiri wetu alimkabidhi nywila ya kuingilia mfumo huo huku akimwonya asiitumie ovyo. Kisha mama mmoja mkata mkonge akafukuzwa na ndovu, akaanguka mtaroni, akavunjika mguu. "Ndovu sikumwajiri mimi!" tajiri akafoka. "Huyo mama aende akaishtaki mbuga." Marehemu akamjibu kwa upole, "Ni kweli, bosi, ndovu hukumwajiri. Lakini mama ulimwajiri."

Akaketi, akafungua kompyuta. Taabu ni kwamba alitakiwa kuchagua chanzo cha ajali, na kati ya mashine, kemikali na ngazi, ndovu hakuwepo. Na usipochagua, ripoti haiendi. Akajikuna kidevu, akabonyeza "chombo kinachotembea". Jibu likaja kutoka ofisi ya serikali ya usalama kazini: tafadhali tuma nambari ya usajili ya chombo hicho pamoja na jina la dereva. Akaandika, "Hakina nambari. Kina mkonga na masikio." Ofisa wa huko alifunga safari mwenyewe, nadhani kuja kuona tunakunywa nini huku. Alikuta nyayo kando ya mtaro. Alikuta pia hatuna mlinzi wa kutahadharisha watu, hatuna kipenga, hata sanduku la huduma ya kwanza hatuna. Tajiri akaamriwa kuweka vyote, na yule mama akatibiwa, akalipwa fidia.

Tajiri alimnunia marehemu muda mrefu, hadi siku alipoipiga teke mashine iliyokwama, kidole cha mguu kikavunjika. Tukimpakia kwenye pikapu, alipaza sauti, "Umeshatuma ripoti?"

"Bado, bosi. Chanzo niandike nini?"

"Andika mashine!"

"Mashine ilikuwa imezimwa, bosi."

Tajiri akaangua kicheko katikati ya maumivu. "Basi andika ukweli," akasema. Tangu hapo hakuwahi tena kumzuia.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini jeraha la kazini lina ubaya zaidi: anayelificha ni mmoja, anayeumbuka ni mwingine. Ukilinyamazia, linabaki pale pale shambani au kiwandani, likimngoja wa zamu inayofuata. Ndugu mwajiri unayenisoma, mtu akiumia kwako leo, mpeleke hospitali, tuma ripoti, ndipo utafute wa kumlaumu. Huenda ukifika hapo hutamhitaji tena.